Kuchagua tamthilia za msimu mzima chuoni: anza na wanafunzi ulio nao

Kikao cha kuchagua tamthilia za mwaka ujao mara nyingi huenda hivi: kila mhadhiri anaingia na tamthilia yake kwapani, ile aliyotamani kuiongoza tangu akiwa mwanafunzi. Wanabishana saa mbili, kisha zinapita tatu au nne za wale waliosema kwa sauti zaidi. Ukiitazama kila moja peke yake, ni nzuri. Ukiziweka pamoja unakuta zote ni tanzia (tamthilia za mwisho wa huzuni), mbili zinataka nyumba ya ghorofa jukwaani, zote zinadai wanaume wengi, na wanafunzi wa kike wa mwaka wa mwisho hawajapata nafasi ya maana hata moja.

Msimu wa ukumbi wa chuo ni sehemu ya masomo. Watazamaji wapo, na wanastahili kuonyeshwa kazi nzuri, lakini ukumbi huo ulijengwa kwa ajili ya wanafunzi. Ndiyo maana katika mwongozo huu rafu ya vitabu haiguswi mpaka hatua ya tatu.

1. Hesabu watu

Chukua orodha ya wanafunzi watakaokuwepo mwaka ujao. Wanaohitimu watoe. Wanaokwenda mafunzo kwa vitendo muhula wa pili watie alama. Kisha wagawe: wanaoigiza, wanaopenda kusanifu taa, sauti, jukwaa na maleba (mavazi ya jukwaani), wanaotaka kuwa mameneja wa jukwaa, na wale ambao wako tayari kuongoza onyesho chini ya usimamizi wa mhadhiri.

Tuseme waliobaki upande wa uigizaji ni 40, wanawake 27 na wanaume 13. Uwiano wa namna hiyo si jambo geni katika idara za sanaa za maonyesho. Kigeni ni kwamba tamthilia zinazosifiwa na kufundishwa zaidi ziliandikwa kwa uwiano wa kinyume kabisa. Juliasi Kaizari ya Shakespeare ina wahusika zaidi ya 30, na wanawake ni wawili tu, Portia na Calpurnia. Wote wawili wameshasema neno lao la mwisho kabla ya sehemu ya tatu kuanza, yaani kabla Kaizari hajachomwa kisu. Idara yenye wanawake 27 ikiichagua bila kufikiri imewaambia 25 kati yao wakashone maleba.

Inawezekana kuwapa wanawake nafasi za Brutus na Cassius, wanaume wakuu wa tamthilia hiyo, na imefanyika mara nyingi kwenye majukwaa makubwa. Lakini huo ni uamuzi wa kufanywa mapema, kwenye kamati, mwongozaji akiwa ameukubali na anajua atakavyoushughulikia. Ukiachwa mpaka siku ya usaili, yaani ya kuwapima waigizaji na kugawa nafasi, unakuwa kiraka tu, na watazamaji watakiona.

Jambo jingine la kuandika katika hatua hii ni uwezo. Kuna tamthilia zinazosimama juu ya mtu mmoja: mhusika mkuu yuko jukwaani karibu muda wote, ana nusu ya maneno, na akiyumba yeye onyesho zima linayumba. Usiiweke kwenye msimu tamthilia ya aina hiyo kama humwoni ila mwanafunzi mmoja anayeweza kuibeba. Ataugua, atafeli mtihani na kuzuiwa kuigiza, atapata kazi ya filamu. Kanuni ninayoifuata ni watu watatu: kwa kila nafasi kubwa niwe naona walau wanafunzi watatu wanaoweza kuishindania kwa haki. Hiyo inalinda pia usaili usigeuke mchezo wa kuigiza wa pili, ambapo kila mtu anajua nafasi ilishapewa nani.

2. Tazama walikotoka na wanakokwenda

Mwanafunzi anakaa chuoni miaka mitatu au minne. Chora jedwali la maonyesho yote ya idara kwa miaka minne iliyopita, mstari mmoja kwa kila onyesho: aina yake, ukubwa wa kundi, mtindo wa uigizaji, zama zake, na kama lilikuwa la mwandishi wa kike au wa kiume, wa nyumbani au wa mbali. Ukurasa mmoja unatosha. Karibu kila idara inapofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza hugundua kitu cha aibu kidogo, kama vile miaka minne bila komedia hata moja, au uhalisia wa sebuleni mara saba mfululizo.

Halafu andika ni vitu gani ungependa mwanafunzi awe amekutana navyo kabla ya kuvaa joho. Lugha ya kishairi inayohitaji pumzi na ulimi. Uhalisia wa karibu, ambapo mtu anakunywa chai huku ndoa yake ikivunjika. Kazi ya kundi: kiitikio (kundi linalosema na kuimba pamoja) na miili inayotembea pamoja. Kichekesho, ambacho ni kigumu kuliko tanzia ingawa hakipewi heshima yake. Kazi mpya ambayo mwandishi bado anaifanyia marekebisho huku mazoezi yakiendelea. Hakuna mwaka mmoja utakaobeba vyote, lakini mzunguko wa miaka minne unaweza, na kilichokosekana kwa muda mrefu ndicho kinachotangulia safari hii.

Mwisho wa hatua hii toa kalenda. Weka tarehe za mitihani, likizo, na siku ambazo ukumbi umeshachukuliwa na mahafali au mikutano. Kwa kazi ya kawaida inayofanyiwa mazoezi jioni, wiki sita ni kiasi cha haki. Ushairi mzito, mapigano au muziki vinataka nane. Ongeza wiki moja ya kuunganisha taa, sauti na maleba, na siku mbili tatu za kubomoa jukwaa kabla kundi linalofuata halijaingia. Hapo ndipo utakapojua kama msimu wako ni wa maonyesho manne au matatu. Misimu mingi ya maonyesho manne niliyoiona ilikuwa ya matatu yaliyokosa usingizi.

3. Kusanya mapendekezo kwa fomu moja

Sasa fungua mlango, ila kwa masharti. Yeyote anaweza kupendekeza, mwanafunzi au mhadhiri au fundi, kwa kujaza ukurasa mmoja unaosema: jina la tamthilia na mwandishi, tafsiri ipi kama ni tafsiri, idadi ya wahusika wa kike, wa kiume na wowote, muda wa onyesho, mandhari ngapi, nani mwenye hakimiliki, na aya moja ya sababu. Kwenye aya hiyo, “ni tamthilia muhimu” haihesabiki kuwa sababu. Muhimu kwa nani, na wanafunzi hawa wa sasa watajifunza nini humo ambacho hawakijui?

Fomu hii huchuja nusu ya kazi yenyewe. Anayependekeza kwa sababu aliona filamu yake hataijaza, kwani hajui wahusika ni wangapi kwenye kitabu.

Kamati iwe ndogo, watu saba hivi. Wawili wawe wanafunzi waliochaguliwa na wenzao, na wawe na kura kamili. Awepo pia msimamizi wa karakana ya jukwaa, naye apewe haki ya kusema “hii haiwezekani” na kusikilizwa.

4. Soma kwa kalamu, kisha soma kwa sauti

Kila tamthilia iliyobaki isomwe na wanakamati wasiopungua watatu, na asipige kura mtu ambaye hajaisoma. Linaonekana jambo la wazi, lakini tamthilia za wakubwa wa fasihi hupigiwa kura kwa kumbukumbu ya miaka ishirini iliyopita, na kumbukumbu husahau kwamba sehemu ya nne ina vita, farasi na meli.

Kwa kila tamthilia inayokaribia kupita, chora jedwali la wahusika. Majina yanakwenda chini upande wa kushoto, maonyesho, yaani vipande vya ndani ya tamthilia, yanakwenda juu kutoka kushoto hadi kulia. Weka alama ya X mhusika anapozungumza, nukta anapokuwepo jukwaani kimya. Ni kazi ya saa moja na nusu hivi kwa tamthilia ya urefu wa kawaida, na inakuambia mambo ambayo orodha ya wahusika kwenye kurasa za mwanzo haisemi.

La kwanza ni uzito halisi. “Wahusika 16” inaweza kuwa watu wanne wanaozungumza na kumi na wawili wanaoleta barua na kuinama. Mwanafunzi mwenye mistari mitatu ambaye anafika mazoezini kila jioni kwa wiki sita anajifunza kungoja, basi. Mmoja au wawili wa namna hiyo wanavumilika, hasa wakiwa wa mwaka wa kwanza. Kumi ni dhuluma.

La pili ni nafasi zinazoweza kuunganishwa. Mhusika anayekufa onyesho la tatu na mwingine anayezaliwa onyesho la sita wanaweza kuwa mwigizaji mmoja. Lakini tazama nafasi iliyo kati yao: kama anatoka kulia akiwa askari na onyesho linalofuata linamtaka aingie kushoto akiwa bibi kizee, uliza anapata dakika ngapi. Chini ya dakika mbili kunahitajika msaidizi wa maleba nyuma ya pazia, mwanga hafifu wa kuonea, na njia ya kupita bila kuonekana. Ukumbi wako una njia hiyo? Kumbi nyingi za vyuo hazina, na mwigizaji hulazimika kuzunguka nje, mvua inyeshe isinyeshe.

La tatu ni ratiba ya mazoezi. Jedwali linaonyesha kama unaweza kufanyia mazoezi maonyesho mawili kwa wakati mmoja katika vyumba viwili. Tamthilia ambayo kila mtu yuko jukwaani muda wote ni nzuri kwa umoja wa kundi, ila siku mmoja akikosekana kazi yote inalala.

Baada ya hapo keti na wanafunzi kadhaa msome kwa sauti. Si lazima yote: kurasa kumi za mwanzo, kumi za katikati, na mwisho wote. Weka saa mezani. Pima kurasa kumi zimechukua dakika ngapi, zidisha, ongeza mabadiliko ya mandhari na mapumziko, nawe unao muda wa onyesho karibu na ukweli. Muhimu zaidi ni masikio. Kuna mazungumzo yanayosomeka vizuri kimya na kukwama mdomoni, na tafsiri ndizo zinazoongoza kwa kosa hilo. Msomaji akisimama katikati ya sentensi kutafuta pumzi mara ya tatu, ujue hiyo ni tafsiri ya kusomea darasani, na jukwaani itawachosha waigizaji na watazamaji pamoja. Tafuta nyingine.

5. Hakimiliki kabla ya kura, si baada yake

Hapa ndipo misimu huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuwa na kitabu si kuwa na ruhusa ya kukiigiza. Kuonyesha tamthilia mbele ya hadhira kunahitaji kibali cha mwenye haki, hata kama hakuna kiingilio, hata kama waigizaji wote ni wanafunzi. Nchi kadhaa zina msamaha kwa kazi inayofanyika darasani kwa ajili ya masomo, lakini ukishaalika umma, ukabandika mabango na kupanga viti, umeshatoka kwenye msamaha huo.

Mkataba wa Berne, wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini: ulinzi wa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinakwenda hadi miaka 70. Marekani ina hesabu yake kwa kazi za zamani, inayotegemea mwaka wa kuchapishwa. Kinachohesabika ni sheria ya nchi mnayoigizia.

Mtego mkubwa ni tafsiri. Shakespeare alifariki mwaka 1616 na hakuna wa kumwomba ruhusa. Lakini Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka 1969, ina haki zake yenyewe. Mfasiri alifariki 1999, na hata kwa kipimo cha chini cha miaka 50 tafsiri hiyo italindwa mpaka mwisho wa 2049. Ndivyo ilivyo kwa Sophocles, Ibsen na Chekhov, waandishi wa tamthilia waliokufa zamani: asili ni mali ya wote, ila toleo la kisasa ulilolipenda lina mwenyewe. Njia moja nzuri, na isiyotumiwa vya kutosha, ni kuiomba idara ya lugha ya chuo hicho hicho ifanye tafsiri mpya, kwa makubaliano ya maandishi na mfasiri. Wanafunzi wa tafsiri wanapata kazi yenye hadhira, na waigizaji wanapata mtu wa kumwuliza kwa nini sentensi hii ni ndefu hivi.

Kwa kazi zinazolindwa, ombi huenda kwa mchapishaji, kwa wakala wa mwandishi au kwa warithi. Tamthilia nyingi za Kiingereza zinasimamiwa na kampuni za vibali kama Concord Theatricals, na kibali huombwa kwenye tovuti zao. Andika ukweli wote: idadi ya maonyesho, viti vya ukumbi, bei ya kiingilio, na kwamba waigizaji ni wanafunzi. Mrabaha, yaani malipo ya mwenye haki, hutozwa kila mara tamthilia inapoonyeshwa, kwa hiyo maonyesho sita ni mara sita. Na usishangae ukikataliwa bila maelezo. Kampuni ya kibiashara ikiwa na mpango wa kuiweka tamthilia hiyo kwenye jukwaa kubwa, vibali vya vyuo na vikundi vya ridhaa huweza kusimamishwa eneo zima.

Kibali pia hakikupi uhuru wa kubadilisha. Kukata vipande vya tamthilia, kugeuza jinsia ya mhusika, kuhamisha mandhari na kuandika upya mistari yenye matusi vyote vinaombewa ruhusa, na kwa maandishi. Waiting for Godot ya Samuel Beckett ni tamthilia ya wanaume pekee, na mwandishi mwenyewe alipinga waziwazi kuchezwa kwake na wanawake, hata jambo hilo likafika mahakamani Uholanzi mwaka 1988. Kama mpango wako mzima unategemea kubadilisha jinsia, uliza hilo kwenye barua ya kwanza.

Tamthilia za muziki zina adhabu yake ya ziada. Juu ya mrabaha kuna kukodisha vitabu na nota, ambavyo mara nyingi vinarudishwa baada ya msimu vikiwa vimefutwa kila alama ya penseli. Kuna wapiga muziki, mafunzo ya sauti, mafunzo ya dansi, vipaza sauti vya mwilini. Onyesho moja la muziki laweza kumeza bajeti na nguvu za maonyesho mawili ya kawaida. Lifanye kama wanafunzi wanalihitaji na mmelipangia mwaka mzima, lisije tu kwa sababu linajaza ukumbi.

6. Peleka orodha karakana

Zikibaki tamthilia sita au saba, kaa na fundi jukwaa, mtu wa maleba na mtu wa taa. Usiwaulize kama wanaipenda. Waulize itachukua nini.

Mtu wa maleba mzuri hatakupa jibu la jumla. Atafungua kitabu na kuanza kuhesabu: wanajeshi wanane, sare nane, na buti zao. Mama mkwe anabadilisha mara nne. Kisha atafika kwenye onyesho la kuchomwa kisu na kuuliza shati ni la rangi gani. Shati jeupe lenye damu maana yake ni mashati matatu ya kufanana kwa kila wiki ya maonyesho, damu ya bandia inayotoka kwa maji baridi, na mtu wa kufua kila usiku baada ya watazamaji kuondoka, ili kesho saa kumi na mbili jioni shati liwe kavu na limepigwa pasi. Mstari mmoja wa maelekezo ya jukwaani umezaa ajira ya mtu. Vitu vya aina hiyo havionekani kwa anayesoma akitafuta dhamira.

Fundi jukwaa atauliza mandhari zinabadilika mara ngapi na kama kuna kitu lazima kifanye kazi kweli: mlango unaobamizwa, bomba linalotoa maji, dirisha linalovunjika. Mlango mmoja wa kubamiza ni kazi kubwa kuliko unavyodhani, maana ukuta wote unaoushikilia usitikisike. Our Town ya Thornton Wilder, ya 1938, inachezwa kwenye jukwaa karibu tupu, kwa meza, viti na ngazi, na mwandishi aliitaka hivyo. Kuwa na kazi moja ya namna hiyo kwenye msimu huipa karakana nafasi ya kupumua, na huwafundisha waigizaji kuwa hakuna kochi la kujificha nyuma yake.

7. Maudhui mazito yajadiliwe sasa

Mabusu, ubakaji unaodokezwa au kuonyeshwa, kujiua, bunduki, matusi ya kikabila au ya rangi, uvutaji sigara: yaorodheshe kwa kila tamthilia, na ukurasa yalipo. Lengo si kuzikwepa. Chuo kisichoweza kuigiza jambo zito hakina sababu ya kuwa na jukwaa. Lengo ni kujua mapema mnahitaji mwalimu wa mapigano ya jukwaani, mtu wa kupanga maonyesho ya faragha ya kimwili ili waigizaji wasilazimishwe kubahatisha, au tahadhari kwenye bango. Mwanafunzi ayajue hayo kabla ya usaili, ili akubali au akatae akiwa bado hana cha kupoteza.

Uliza pia nafasi zinazotaka mtu wa jamii fulani, au mwenye ulemavu fulani, zitachezwa na nani. Kama jibu ni “tutaona,” iahirishe tamthilia hiyo mpaka jibu lipatikane.

Na umri. Wanafunzi wa miaka 20 wakicheza wazee wa miaka 70 kwa unga kichwani na mkono kiunoni, hakuna anayejifunza uigizaji. Mzee mmoja kwenye tamthilia ni changamoto nzuri. Watano ni ishara kuwa tamthilia iliandikiwa kundi jingine.

Mkuu wa kitivo ajulishwe kuhusu tamthilia yenye utata kabla ya kutangazwa, kwa barua fupi yenye sababu za kimasomo. Ni rahisi zaidi kumtetea mwanafunzi wako kwa bosi aliyeshaambiwa.

8. Zipange pamoja

Sasa andika majina kwenye vipande vya karatasi na uvisogeze mezani. Turudi kwa ile idara ya waigizaji 40. Msimu mmoja unaowezekana ni huu.

Onyesho la kwanza, Antigone, tanzia ya Kigiriki ya Sophocles. Enzi za Ugiriki ya kale kiitikio cha tanzia kilikuwa na watu 15, lakini ukubwa unaweza kuupanga, na jinsia pia, kama tafsiri ni yenu. Kiitikio cha 14 na wahusika wengine wanane ni watu 22. Wageni wa mwaka wa kwanza, ambao wamefika wiki mbili zilizopita na hakuna anayewajua, wanaingia kwenye kiitikio na kujifunza kusimama jukwaani pamoja na wakubwa zao. Mandhari ni moja.

La pili, tamthilia ya Ibsen iitwayo A Doll's House, ya 1879: sebule moja, watu wazima wanane au pungufu, na nafasi ya Nora, mhusika mkuu, ambayo wanawake watatu wa mwaka wa mwisho wanaweza kuigombea. Karakana inashughulika na samani na nguo za karne ya 19, ambazo zitahitaji muda uliookolewa na Antigone.

La tatu, usiku wa tamthilia fupi nne zilizoandikwa na wanafunzi na kuongozwa na wanafunzi, waigizaji 12, taa rahisi, maleba ya kutafuta stoo. Linawekwa karibu na mitihani kwa sababu kila kundi ni dogo na linaweza kupanga mazoezi yake.

Jumla ni nafasi 42, nyingi zikiwa za wanawake, na wachache tu watacheza mara mbili. Kuna mabaya yake: komedia haimo, isipokuwa mojawapo ya zile fupi iwe ya kuchekesha, na hakuna kazi ya mwandishi wa kisasa mwenye jina. Yaandikwe hayo kwenye kumbukumbu za kikao, yawe mzigo wa mwaka unaofuata.

Angalia mambo mawili ya mwisho katika mpangilio. Kazi mbili zenye maleba mengi zisifuatane. Na mwongozaji mmoja asipewe maonyesho mawili katika muhula mmoja, hata akijitolea kwa moyo wote. Anayejitolea hivyo ndiye wa kuzuiwa.

9. Akiba na tangazo

Kwa kila tamthilia ambayo kibali chake hakijafika, taja ya akiba yenye ukubwa wa kundi unaokaribiana nayo, ambayo haki zake ni huru au zimeshapatikana. Weka tarehe ya mwisho ya kusubiri, mathalani wiki kumi kabla ya usaili. Siku hiyo ikipita bila jibu, akiba inapanda na barua ya shukrani inakwenda kwa wakala. Usitangaze tamthilia yoyote, hata kwa mdomo darasani, kabla kibali chake hakijawa kwenye faili, maana baadhi ya mikataba inakataza kutangaza mapema, na wanafunzi wakishaanza kukariri hotuba za mhusika ni vigumu kuwageuza.

Tangazo likitoka liwe na tarehe za usaili, tarehe za maonyesho, orodha ya nafasi kwa kila tamthilia, yale maudhui mazito ya hatua ya saba, na mahali nakala za kusoma zilipo maktabani. Weka nakala zisizopungua tatu, kwenye rafu isiyoazimisha nje. Fomu za mapendekezo yaliyokataliwa zihifadhiwe pamoja na sababu yake kwa mstari mmoja, kwa mfano “wanaume 11, turudie kundi likibadilika” au “mrabaha umezidi, tuulize tena.” Kamati ya mwaka ujao ianze na faili hilo.